Mbao Haziharakishwi



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, ndugu zetu wa nchi za baridi, theluji inapofunika mashamba, hujifungia katika karakana zao za nyumbani na kutengeneza meza, viti na makabati mpaka jua litakaporudi. Sisi wa Shinyanga na Geita hatuna theluji, lakini msimu wa namna hiyo tunao. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua imekatika, mahindi na mpunga vimekwisha kuingia ghalani, pamba inauzwa, na mikono iliyozoea jembe hubaki haina kazi. Hiyo ndiyo miezi ambayo hapa parokiani, chini ya paa la mabati nyuma ya nyumba ya mapadre, tunatoa randa, msumeno na patasi na kuanza useremala.

Kikundi chetu ni kidogo: sisi paroko wenu, mzee mmoja aliyeifanya kazi hii tangu ujana wake, na vijana watatu waliomaliza shule wakakosa pa kwenda. Kiangazi cha mwaka 2025 tulijiwekea lengo la mabenchi manane kwa ajili ya kigango kimoja, na kila kijana atengeneze kitu kimoja cha kupeleka kwao. Wa kwanza alichagua kabati la vyombo, wa pili meza, na wa tatu kitanda cha mama yake, ambaye tangu afiwe na mumewe alikuwa akilala juu ya mkeka.

Somo la kwanza la useremala ni kungoja. Ubao mbichi umejaa maji. Ukiutengenezea kiti leo, baada ya miezi michache utasinyaa, viungo vitalegea, nao wenyewe utajipinda au kupasuka. Kwa kuwa ubao husinyaa kwa upana kuliko kwa urefu, fundi stadi haubani uso wa meza kwa misumari pande zote, bali huuachia nafasi ya kutanuka wakati wa masika na kujikunja wakati wa kiangazi. Kabla ya hapo mbao hupangwa kivulini, vijiti vikiwekwa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na ncha zake hupakwa rangi zisije zikakauka upesi kuliko katikati. Kanuni ya mafundi wa zamani ni kwamba unene wa inchi moja hungojwa mwaka mmoja. Mbao tulizozitumia mzee alikuwa amezipanga tangu kiangazi kilichotangulia. Vijana walipomwuliza kwa nini tusinunue mjini zilizopasuliwa juzi, aliwajibu, “Wanangu, mbao haziharakishwi. Ukiziharakisha, zitakuumbua mbele ya mteja.”

Miongoni mwa mbao hizo zilikuwamo chache za mninga, zilizopatikana kwa kibali. Wengi wenu mnaufahamu mti huu wa miombo, ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Moyo wake hauliwi kirahisi na mchwa, na ukishakauka haubadiliki sana umbo, ndiyo maana kitanda cha mninga hurithiwa. Lakini mti huu hukua polepole mno. Aliyeuona ukichipua si yeye atakayelala juu ya kitanda chake.

Nanyi mnajua mahali pengine miti yetu inakokwenda. Maduara ya wachimbaji wadogo, kuanzia Nyarugusu hadi vijiji vya Kahama, huteremshiwa magogo yanayoitwa matimba ili kuzuia kuta zisiporomoke. Mti uliokatwa jana hushushwa leo ungali mbichi, na huko chini joto na unyevu huanza kuuozesha. Juu ya magogo hayo ndipo uhai wa watoto wetu unapoegemea. Tunakumbuka Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015, ambako wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Tunakumbuka Nyarugusu, Januari 2017, ambako wachimbaji 15 waliokolewa. Tulimshukuru Mungu kwa ajili yao. Hata hivyo tumewazika wengine ambao hawakuwahiwa, na majeneza ya baadhi yao yalitengenezwa chini ya paa letu hilihili.

Katikati ya Agosti kijana wa kitanda hakuja. Miguu minne ilikuwa tayari, matundu yamekwisha kuchongwa, ubao wa kichwani umepigwa randa hata unang'aa. Siku ya tatu mama yake alituletea habari kwamba amekwenda machimboni pamoja na binamu yake. Hatukumlaumu. Bei ya dhahabu ilikuwa ikipanda mwaka huo wote, na ilipofika Oktoba wakia moja ilipita dola 4,000 za Marekani. Nani atamzuia kijana mwenye njaa asilisikie jambo hilo? Tena mabati ya kigango tunachokitengenezea mabenchi yalinunuliwa kwa sadaka za wachimbaji. Hatuwezi kula matunda ya machimbo huku tukiwatukana wanaochimba.

Tunachokihofia ni fundisho linalopanda kutoka shimoni pamoja na dhahabu, kwamba kila jema hupatikana usiku mmoja, na kwamba jambo la kungojewa mwaka ni la wajinga. Fundisho hilo likiingia nyumbani, shule huonekana ndefu, ndoa huonekana nzito, na mti huonekana gogo tu.

Nchi yetu yenyewe inatoa ushahidi mwingine. Shinyanga ilikuwa imefyekwa misitu, kwanza wakati wa ukoloni kwa ajili ya kuangamiza mbung'o, kisha kwa mashamba, mifugo na kuni, hata watu wakaanza kuiita jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na wananchi wakairudia desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na kuliacha lipumzike. Visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya udongo ikachipua. Zaidi ya hekta 300,000 zilipata tena uoto wake. Hakuna aliyetajirika kwa juma moja, lakini leo ziko kaya zinazopata kuni, nyasi, dawa na nguzo mahali palipokuwa vumbi.

Mtakatifu Yosefu hana neno hata moja lililoandikwa katika Injili. Tunamjua kwa ukimya wake na kwa kazi yake, na Injili ya Marko inamwita Yesu mwenyewe seremala. Miaka mingi ya maisha ya Bwana ilipita Nazareti, katika kazi isiyotazamwa na mtu.

Kitanda kile kilimalizwa mwezi Septemba na wale vijana wawili pamoja na mzee. Tulipokifikisha, mama alishukuru sana, kisha akatuomba jambo moja: ubao wa kichwani usipakwe vanishi. “Baba Paroko,” alisema, “huo mwacheni mwanangu aje aumalize.” Kijana alikuja wakati wa Noeli kwa siku mbili. Aliupapasa ubao ule kwa kiganja, akakaa kimya, akarudi machimboni. Hadi tunapoandika, ubao haujapakwa.

Wapendwa, mwenye mtoto machimboni asiulize fedha peke yake anapompigia simu, amwulize pia habari za matimba: yaliwekwa lini, na nani huyakagua. Mwenye kukata mti na apande mwingine ambao hatauvuna yeye. Karakana itafunguliwa tena Juni, na kopo la vanishi tumeliweka juu ya rafu.