Vitenzi Vyenye Ila

Ndugu msomaji, wewe uliyesoma sarfu chuoni wajua kuwa *qaala* ni "alisema", lakini "nilisema" ni *qultu*: alifu imeanguka, kwa kuwa kitenzi kina ila. Basi Kihispania nacho kina wagonjwa wake. *Hablar*, kuzungumza, huwa *hablé*, jepesi hilo. Lakini *decir*, kusema, huwa *dije*, na *tener*, kuwa na kitu, huwa *tuve*. *Fui* ndiyo ajabu: ni "nilikwenda", na ndiyo hiyo hiyo "nilikuwa", maneno jirani ndiyo yatakayokufahamisha. Nami sina budi navyo, maana wajukuu zangu wamezaliwa Madrid na Kiswahili hawakijui. Jedwali nimeliweka kando. Kila Ijumaa hupiga simu, nikawauliza jana walifanya nini.