Mgeni na Njia za Mji Mkongwe

Mgeni ashukaye bandarini Malindi, Unguja, hulakiwa kwanza na madereva wa teksi. Nauli hupatanwa kabla ya safari. Aghafilikaye hulipa zaidi. Aendaye Bububu au uwanja wa ndege ana daladala pia: humo huketi goti kwa goti na wenyeji, vikapu vya sokoni vikiwa miguuni.

Lakini ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa mwaka 2000 katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, gari hukoma. Vichochoro vyake vilipimwa kwa mtu na mzigo wake. Kuta za mawe na chokaa zimekaribiana hata kivuli hakiondoki. Mwenye haraka hupanda vespa au baiskeli. Mwenye kutaka kuujua mji hutembea.

Naye atembeaye hupotea. Alikusudia Mkunazini, akajikuta Hurumzi. Hapo hulazimika kuuliza, na kuuliza huanza kwa salamu. Bibi aliyeketi barazani, akishaamkiwa shikamoo, hatosheki kunyoosha kidole, humwita mjukuu wake na kumwambia, "Mfikishe mgeni, mwanangu."

Apitaye akipiga picha bila ya kuamkia huiona milango ya nakshi, asijue kuwa nyuma yake mna watu. Nao wenyeji, wakizoea kutazamwa kama kuta, huingia ndani na kufunga. Nyumba nyingi zimekwisha kuwa hoteli. Baraza zikibaki tupu, mgeni aliyepotea atamwuliza nani njia?