Mzigo wa Mwenzio: Tafakari juu ya Uchovu wa Misuli

Wahenga walituachia neno hili: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama kwa mbali huuona mwepesi, kwa kuwa bega linalochubuka si lake. Leo twalitafakari neno hilo kwa kupitia jambo ambalo kila mmoja wetu amelionja mwilini mwake, yaani uchovu wa misuli.

Sisi vijana wa Kisangani tunapenda mazoezi ya nguvu. Jioni, katika nyua za Mangobo, Kabondo na Tshopo, huonekana bomba la chuma lenye kopo la saruji iliyoganda kila upande, na vijana wakipokezana kuliinua. Nasi tumo miongoni mwao. Kila Jumamosi tunakutana nyuma ya ukumbi wa parokia kwa ajili hiyo. Katika mikutano hiyo tumesikia mara nyingi hukumu zikitolewa upesi: huyu mvivu, yule hana moyo. Tukajiuliza: je, anayehukumu anajua uchovu ni nini?

Swali hilo lilikwisha kuulizwa zamani na wenye elimu. Huko Turin, nchini Italia, Angelo Mosso, mtoto wa seremala aliyepata kuwa profesa wa chuo kikuu, alitengeneza chombo cha kupimia uchovu: kidole kimoja kiliinua uzani mara kwa mara, na kalamu ikachora kila mwinuko mpaka kidole kiliposhindwa. Mwaka 1891 alichapisha kitabu juu ya uchovu. Aliona kwamba kila mtu huchoka kwa namna yake. Aliona pia kwamba mwalimu aliyeshinda akiwatahini wanafunzi alipungukiwa na nguvu za kidole, ingawa kidole hicho hakikuwa kimefanya kazi yoyote ya maana. Kwa hiyo uchovu haukai katika msuli peke yake. Ubongo na mishipa ya fahamu vinashiriki.

Hapa kwetu hatuhitaji chombo cha Mosso ili tuone jinsi misuli inavyofanya kazi. Yatosha kutazama kazi tatu za mji huu.

Ya kwanza ni ya mwendesha toleka, baiskeli ya kubebea watu na mizigo, ambayo jina lake kwa Kilingala lina maana ya "tupite". Wakati wa vita, mafuta yalipoadimika na safari za mtoni zilipokatika, baiskeli hizo ziliubeba mji. Kila akanyagapo pedali, misuli ya mapaja hujikunja na kufupika huku ikisukuma. Akipanda mlima na gunia nyuma, mapaja humwaka moto; akisimama dakika chache, nguvu nyingi humrudia.

Ya pili ni ya mvuvi wa Kiwagenia kwenye maporomoko ya Boyoma. Anapokamata mti au kamba ya mtego wake ili mkondo usimchukue, mikono yake hukaza bila kusogea. Msuli uliokazwa kwa nguvu hivyo huibana mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Hewa safi haifiki ya kutosha, na mkono huanza kutetemeka mapema.

Ya tatu ni ya mchukuzi anayeteremka ukingo wa mto na gunia kichwani kuelekea kwenye mtumbwi. Kushuka kwaonekana rahisi kuliko kupanda. Hata hivyo, kwa kila hatua mapaja yake hurefuka huku yakiuzuia mzigo usimwangushe. Kazi hiyo humpa pumzi tulivu zaidi, lakini ndiyo inayojeruhi nyuzi za misuli kupita zile mbili za kwanza.

Tulitaka kuyahakikisha hayo kwa miili yetu. Jumamosi moja tuliinua vyuma vya saruji. Jumamosi iliyofuata tulikaa kama walioketi kitini, mgongo ukiegemea ukuta, bila kiti. Jumamosi ya tatu tulipanda ngazi bila mzigo, kisha tukazishuka polepole tukiwa na ndoo za mchanga, mara nyingi. Jioni hiyo ya tatu tulirudi nyumbani tukicheka, kwa maana hatukuwa tumehema sana. Jumatatu asubuhi wengi wetu tulishindwa kushuka barazani bila kushika ukuta. Mmoja alidhani ameshikwa na malaria. Hakuwa na homa. Ilikuwa ni mapaja yake tu.

Wengi husema maumivu hayo ya siku ya pili huletwa na asidi ya laktiki. Sivyo. Asidi hiyo huondoka katika misuli kwa muda wa saa moja hivi baada ya zoezi, ilhali maumivu hayo huanza baadaye, hukolea kati ya saa 24 na 72, kisha hutoweka polepole. Mwaka 1902, huko Boston nchini Marekani, Theodore Hough alikwisha kuyatenganisha mambo hayo mawili: uchovu unaokuja wakati wa kazi, na maumivu yanayokuja kesho yake. Haya ya pili aliyahusisha na michubuko midogo ndani ya msuli wenyewe. Mwili huitengeneza michubuko hiyo, na zoezi lile lile likirudiwa baada ya wiki moja au mbili, maumivu hupungua sana. Basi anayeumia baada ya siku ya kwanza asijidhanie dhaifu, wala anayezoea asijidhanie shujaa. Na asiyeumia asiongeze mzigo maradufu ili atafute maumivu, kwani maumivu si kipimo cha zoezi jema.

Hapo ndipo tafakari yetu ilipotugusa zaidi. Kuna mwenzetu anayepata riziki yake kwa toleka. Jumamosi moja alifika jioni, akachuchumaa na kuinuka mara sita akiwa na chuma mabegani, akakiweka chini. Vijana waliokuwa wakichungulia ukutani walimcheka. Tulipomwuliza, alitueleza kwamba tangu alfajiri alikuwa amebeba makaa na watu, na sehemu za matope alikuwa ameisukuma baiskeli kwa mikono. Kwa macho yetu alikuwa amefanya zoezi la mara sita. Kwa mapaja yake zoezi hilo lilikuwa la saa kumi na mbili.

Sisi tunaosoma shuleni tunaweza kuipumzisha misuli ile ile siku mbili kabla ya kuichosha tena, kama inavyopasa. Yeye akipumzika siku mbili, nyumbani kwao sufuria haipandi jikoni. Uchovu wake hauna Jumapili ya kutosha. Ndiyo maana tuliandika katika daftari la kikundi kanuni moja fupi: kazi ya siku ihesabiwe kuwa zoezi. Anayetoka bandarini au barabarani aulizwe kwanza amefanya nini leo, kisha apewe zoezi la misuli mingine, au aketi nasi na kuwahesabia wengine. Hakuna aliyepoteza heshima kwa kanuni hiyo.

Tuliongeza na tahadhari chache, nazo twawaachia. Maumivu ya misuli yakifuatana na homa, mtu apimwe malaria, asijidanganye kuwa ni mazoezi. Mkojo ukigeuka rangi ya chai nyeusi baada ya zoezi zito, au msuli ukivimba na kulegea kabisa, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana misuli iliyovunjika sana huweza kuharibu figo. Mwenye ugonjwa wa selimundu asianze mazoezi mazito kabla ya kumwona daktari. Anayeanza aanze kwa uzito mdogo, hasa katika mazoezi ya kushusha mzigo. Na wote tunywe maji, tulale vya kutosha, tule samaki, maharagwe au viwavi, kwa sababu msuli hujengeka wakati wa kupumzika, na hujengwa kwa chakula.

Ndugu vijana, katika vikundi vyenu ulizaneni: nani kati yetu hufika akiwa amekwisha kuchoka, na kazi gani imemchosha? Ni ya kusukuma, ya kushikilia, au ya kushusha? Je, ni mwanafunzi aliyeshinda kwenye mtihani, au dada aliyechota maji mara tano kabla ya jua kuchomoza? Uchovu wa kila mmoja una sababu yake na muda wake wa kupona, wala hausomeki usoni. Njia ya kuujua ni kuuliza, na kumsadiki anayejibu.