Antena ya Motokaa Yangu

Watu wengi hudhani kwamba kitu huharibika siku kinapokatika. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka fimbo nyembamba ya chuma, isiyozidi urefu wa mkono wa mtu mzima, iliponifundisha vingine. Kosa nitakalolisimulia ni dogo kwa hesabu ya fedha, lakini lilimgharimu mtu mwingine kazi yake. Na kwa kuwa ninyi vijana mtakuja kumiliki vitu na kuamuru watu, naona afadhali mlisikie kwangu kuliko mlitende wenyewe.

Nina motokaa kuukuu, Mercedes-Benz iliyoundwa mwaka 1989. Antena yake ya redio imekaa upande wa nyuma, karibu na buti, nayo si ya kuvutwa kwa mkono. Redio ikifunguliwa, umeme hupita katika waya mwembamba na kuiamsha mota iliyofichwa ndani ya buti. Mota huzungusha gurudumu la meno. Gurudumu husukuma uzi mnene wa nailoni, nao una meno ubavuni. Na uzi huo huuinua mlingoti wa vipande vilivyoingiana, kimoja ndani ya kingine, kama darubini ya nahodha. Redio ikifungwa, mota huzunguka kinyume, na uzi huuvuta mlingoti chini hata ukatoweka. Nilipoinunua motokaa hiyo, nilikuwa nikifungua na kufunga redio pasipo haja yoyote, kwa furaha tu ya kuutazama mlingoti ukipanda na kushuka.

Katika nchi yetu ya milima antena si pambo. Mimi hufundisha Embu, na nyumbani kwetu ni upande wa Nkubu, katika Meru. Barabara iliyoko kati hupita Runyenjes na Chuka, ikiuzunguka Mlima Kenya upande wa mashariki, na kila mto unaoshuka mlimani umejichimbia bonde lake: Thuci, Nithi, Mutonga. Mawimbi ya redio ya FM husafiri moja kwa moja, karibu kama mwanga wa taa. Kilima kikisimama katikati, hufifia. Wimbi lake lina urefu wa mita 3 hivi, na mlingoti wenye robo ya urefu huo, yaani sentimita 75, hulipokea vizuri. Mlingoti ukisimama wima, msafiri husikia habari kwa Kiembu katika Wimwaro FM, na akikaribia Meru husikia Kimeru katika Muuga FM. Ukinywea ndani, husikia mikwaruzo mitupu.

Jumamosi moja, wakati wa mvua za vuli, niliipeleka motokaa kuoshwa nje kidogo ya mji wa Embu. Ilikuwa imejaa matope hata rangi yake haikuonekana. Kijana mmoja, ambaye umri wake sidhani ulifika miaka 20, alianza kuisugua huku redio ikiimba. Alipotaka kumwaga maji juu, aliifunga redio kwanza ili mlingoti ushuke. Ulishuka nusu, ukakwama. Mota ikanguruma, kisha tukasikia kitu kikikatika ndani, na mlingoti ukabaki umesimama kama kidole kilichovunjika.

"Mwalimu, sikuigusa," kijana akasema. "Nimefunga redio tu."

"Umeivunja, na sasa waongeza uongo!" nikamjibu kwa sauti kuu, mbele ya wenzake na mbele ya wateja.

Sikumlipa hata shilingi moja. Mwenye mahali pale, kwa kuchelea kumpoteza mteja, alimwambia asirudi tena. Kijana alivua buti zake za mpira, akaziweka kando ya ndoo, akaenda zake. Nami niliondoka nikiamini kwamba haki imetendeka.

Juma lililofuata nilimwendea fundi mmoja mzee katika mji wa Meru, mmoja wa wale wafanyao kazi chini ya jua kali. Hakuanza kwa kusema. Alianza kwa kufungua. Aliondoa waya wa betri, akatoa zulia la buti, akalegeza nati iliyoushika mlingoti, akaitoa mota pamoja na kasha lake. Chini ya kasha hilo palikuwa na mpira mwembamba wa kutolea maji. Alipouchokoa kwa waya, yalitoka majani yaliyooza na tope jeusi, kisha maji yenye rangi ya kutu.

"Mwalimu, mpira huu umeziba siku nyingi," akasema. "Maji yamekuwa yakilala humu. Mlingoti ulipanguswa lini mara ya mwisho?"

Nilimwambia kwamba tangu niinunue motokaa, haujapanguswa hata mara moja.

Akalifungua kasha. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka ikawa kama lami, na meno ya nailoni yalikuwa yamelika. Kisha akauinua mlingoti kuuelekeza kwenye mwanga, akaupitisha kidole.

"Hapa umepinda kidogo, na hizi ni alama za koleo. Nani aliukamata?"

Swali hilo lilinifunga kinywa. Mwezi mmoja kabla ya hapo, nilipokuwa Runyenjes, mlingoti ulikataa kupanda. Nami kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kusikia habari, niliukamata kwa koleo nikauvuta kwa nguvu. Ulipanda, nikajisifu, nikasahau.

"Ni mimi," nikasema.

Mzee hakucheka wala hakunikemea. Alisema tu, "Basi ulikatika siku ile. Siku ya kuoshwa ulimaliza."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alitoa kipande cha nailoni kilichobaki ndani, akasafisha gurudumu, akatia grisi mpya kiasi cha ncha ya kidole. Akaleta mlingoti mwingine uliotolewa katika motokaa iliyochakaa, wenye uzi mzima. Akairudisha mota mahali pake na kuunganisha betri, nami akaniweka kwenye usukani. Niliifungua redio, yeye akauingiza uzi, meno yakilielekea gurudumu. Aliposema, "Funga," niliifunga; mota ikazunguka kinyume, ikaushika uzi na kuumeza taratibu, huku yeye akiuongoza mlingoti kwa vidole viwili hata ukaingia wote. Kisha akakaza nati.

Akanipa na masharti. Kila mwezi uinue mlingoti wote, uupanguse kwa kitambaa laini chenye mafuta ya taa kidogo, uukaushe, kisha uupake mafuta mepesi na kuyafuta yaliyozidi. Usiupake grisi nzito, kwa maana hukamata vumbi, na vumbi likishuka na mlingoti huyasaga meno. Uzibue mpira wa maji kabla ya kila msimu wa mvua. Na ukikwama, funga redio, ukatafute sababu, usiuvute.

Nilirudi Embu nikiwa na antena nzima na moyo uliovunjika. Ilinichukua siku tatu za kuulizauliza kumpata yule kijana. Alikuwa akipakia magunia ya mahindi sokoni. Nilimlipa ujira wake na fidia ya siku alizokosa, nikamweleza yote, hata habari ya koleo. Alizipokea fedha kwa mikono miwili, akanyamaza kitambo.

"Asante, mwalimu," akasema. "Lakini uliniita mwongo mbele ya watu, na watu wale hawako hapa."

Neno hilo lilikuwa kweli tupu. Tulikwenda pamoja mahali pale pa kuoshea magari, na mbele ya waliokuwapo nikasema kwamba mwongo hakuwa yeye, na kwamba aliyeivunja antena alikuwa mimi. Kulisema hilo kulikuwa kuzito kuliko magunia yale. Hata hivyo nafasi yake ilikwisha kupewa mtu mwingine, naye akarudi sokoni. Mlingoti ulipata uzi mpya kwa saa moja. Kazi ya kijana yule sikuweza kuirudisha.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, huonekana nikiupangusa mlingoti kwa kitambaa, na majirani hudhani naipenda mno redio. Sababu si redio. Mkono uliogusa mwisho ndio uonekanao, lakini kutu haianzi siku ya mwisho. Msomaji wangu, kitu kikikatika mkononi mwa mwenzako, usianze kwa kusema. Fanya kama yule mzee: anza kwa kufungua. Huenda ukaziona humo ndani alama za koleo lako mwenyewe.