Asumini ya Mama

Mchumia juani hulia kivulini, walinena wahenga. Kwetu Mombasa, Januari, jua la kaskazi linapochoma, bustani ya mama pale uani hunidai kazi hasa.

Alfajiri natia maji mizizini kabla jua halijapanda. Kisha nakata maua ya mrehani, kwani ukiachwa uzae mbegu, majani hupungua. Mchaichai naukata na kuuanika kivulini. Asumini huchumwa jioni zingali vitumba. Usiku hufunguka, nyumba nzima ikanukia.

Mwaka mmoja mifereji ilikauka wiki mbili. Maji ya mkokoteni yalikuwa ghali, nami nikamwambia mama, "Maua hayaliwi. Tuyaache yafe."

Hakunijibu. Alianza kuweka maji aliyooshea mchele na mboga, akiupelekea mti wa asumini kata kwa kata. Siku ya tatu akaniambia taratibu, "Mwanangu, huu aliupanda marehemu babako mwaka aliponioa."

Nikainama kwa haya, nikachukua ndoo.

Tangu hapo, msomaji mpenzi, simwagi maji ya mchele. Nawe, hata ukikaa ghorofani, panda japo kopo moja la rehani.