"Wananitania Tu, Mwalimu"

Mwaka 2023, katika shule niliyokuwa nikifundisha Kiswahili hapa Kampala, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha kwanza aliacha ghafla kujibu maswali darasani. Nilipomwuliza kisa, alinijibu kwa sauti ndogo, "Wananitania tu, mwalimu." Neno hilo likaniridhisha, nami nikarudi ubaoni.

Yapata majuma mawili baadaye mama yake alinijia, simu mkononi. Wanafunzi wa darasa langu walikuwa wameichukua picha ya binti huyo, wakaitia pembe na kuieneza katika kundi lao la WhatsApp, pamoja na maneno ya kumtaka asirudi tena shuleni. Nilihamaki. "Futa uchafu huu wote, mama!" nikamwambia. Akafuta. Mkuu wa shule alipowaita watuhumiwa, wote walikana, nasi hatukuwa na kitu cha kuonyesha.

Hapo nilijifunza mambo mawili. La kwanza ni la lugha. Utani una kanuni zake: mtani hutania naye akataniwa, na wote wawili hucheka. Lakini pale ambapo mmoja hana nafasi ya kujibu, na kicheko cha wenziwe humfuata hadi kitandani usiku, huo ni uonevu. Sisi walimu wa lugha ndio tupaswao kuwa wa kwanza kulikataa jina la uongo.

La pili ni la utaratibu. Kabla ya kufuta, hifadhi: piga picha ya skrini ionyeshayo maneno, jina la mwandishi na tarehe. Mtoto asijibu matusi. Kisha mzuieni mwandishi, iarifuni kampuni yenye mtandao huo, na ushahidi ufikishwe kwa mzazi na kwa mkuu wa shule. Penye vitisho, polisi waarifiwe. Picha ya utupu ya mtoto isisambazwe kamwe, hata kwa nia njema. Namba 116 hupokea bila malipo habari za watoto wanaoonewa, hapa Uganda na vilevile Kenya na Tanzania. Tena mtoto aliyesema asinyang'anywe simu, asije akadhani kwamba kusema ni kujitafutia adhabu.

Binti yule alihamia shule nyingine. Siku ya kuaga alinishukuru kwa methali nilizomfundisha, nami sikupata neno la kumjibu. Tangu siku hiyo, nikisikia mtoto akisema "wananitania tu," huiweka chaki chini.