Tabora: Posho ya Mpagazi na Karamu ya Mgeni

Mji wa Tabora wajulikana sana kwa miembe yake yenye vivuli vipana. Mti huo si wa asili ya nchi hii. Ulitoka Bara Hindi ukafika pwani, kisha ukaifuata njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Mchele nao ulienezwa bara na wafanya biashara wa Kiarabu na Waswahili. Mahindi na muhogo asili yake ni Amerika. Kwa hiyo haifai kukichukia chakula kwa kuwa ni kigeni, yafaa tukipime.

Katika njia hiyo, ambayo pia ilipitisha watumwa kwa dhuluma kubwa, palikuwa na vyakula vya namna mbili. Cha kwanza ni posho ya mpagazi: kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yapata ratli moja na nusu. Kwa posho hiyo Mnyamwezi alichukua mzigo wa kilo 30 hivi, akatembea tangu alfajiri. Cha pili ni karamu ya mgeni. Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871, Waarabu wa hapo walimletea wali, kuku wa mchuzi wa bizari, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na malimau. Ulikuwa ukarimu mwema, nao ulimwangukia mtu aliyekwisha kutembea miezi mitatu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mizigo ikahama mabegani ikaingia mabehewani. Hiyo ilikuwa rehema kwa wapagazi. Lakini tazameni, wasomaji wetu, jambo lililotokea baadaye: mwendo wa mpagazi tumeuacha, na karamu ya mgeni tumeifanya chakula cha kila siku. Wali mweupe, chapati za mafuta, chipsi, na chupa ya soda juu yake, kisha twaketi.

Matokeo yake yaonekana. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulikuta kwamba watu 9 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana ugonjwa wa kisukari. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba ni bora sukari ya kuongezwa isizidi vijiko sita vya chai kwa siku. Chupa moja tu ya soda yaweza kuwa na vijiko vinane au zaidi. Mtoto anywaye chupa moja kila siku amekwisha kupita kipimo kabla hajatia sukari katika chai yake.

Dini yetu imetutangulia katika jambo hili. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kula na kunywa bila ya kupita kiasi. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba asiyeweza kutosheka na matonge machache aligawe tumbo lake mafungu matatu: moja la chakula, moja la maji, na moja la pumzi. Tena chakula chatakiwa kiwe halali na kiwe chema pia. Wengi wetu huuliza la kwanza, wakasahau la pili.

Wala dawa yake haiko mbali. Unyamwezi una mtama na uwele, karanga na njugu mawe, mlenda na majani ya kunde, na michembe ya viazi vitamu. Una na asali mashuhuri ya misitu ya miombo, nayo pia ni sukari, basi iliwe kwa kiasi. Kina mama wazirudishe mboga hizo sahanini, na pilau ingoje Idi, arusi na mgeni. Vijana waende msikitini na shuleni kwa miguu, kama njia yaruhusu.

Mgeni akija, tumkirimu kama walivyokirimu watu wa Unyanyembe. Siku nyingine zote tule kwa kipimo cha mpagazi, kwani hata kazi yake hatuifanyi. Mwenyezi Mungu atujaalie afya ya kumwabudu. Amin.